Picha ya Wachuma Pareto

Wiki iliyopita niliingia katika ofisi moja hapa mjini Nakuru kufuata cheti cha mtoto, na kabla sijafika dirishani harufu ikanishika. Polishi nyekundu ya sakafu. Sisi wa rika langu tunaijua: ile ya mkebe, inayopakwa kwa tambara ukiwa umepiga magoti, halafu inasuguliwa mpaka simenti inakuonyesha meno yako. Siku hizi watu wengi wameweka vigae na harufu hiyo imekuwa adimu. Nilisimama kwenye foleni, mtu wa nyuma yangu akanisukuma kidogo akisema, "Songa, mathe," nami nilikuwa mbali. Nilikuwa na miaka minane, niko kisiwani, na Mama amepiga magoti kwenye sakafu ya makumbusho.

Kisiwa ninachosema kiko katika Ziwa Naivasha. Familia za Nakuru na Nairobi zilifika pale wikendi na vikapu vya chakula, na katikati ya wiki yakaja mabasi ya shule. Mlivushwa kwa mashua huku mmevaa majaketi ya rangi ya machungwa. Langu lilinifika magotini. Mkipita kwenye mafunjo, mwenye mashua alizima injini ili muone viboko, na akina mama wote wakashika watoto wao mikono. Ng'ambo kulikuwa na migunga mirefu yenye magome ya manjano, na chini yake punda milia, kuro na twiga wakitembea bila uzio, kama ng'ombe wa mtu. Kulikuwa na bembea za matairi, na boma dogo la kobe ambapo mtoto aliruhusiwa kulisha kabichi. Na juu kidogo, kwenye mwinuko, lilikuwako jumba la mawe la mzungu mmoja wa zamani, ambalo baada yake liligeuzwa kuwa makumbusho.

Mama alikuwa msafishaji wa jumba hilo. Alilala kisiwani, katika kimojawapo cha vyumba vya wafanyakazi nyuma ya jumba, naye alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Nyumbani kwangu mimi palikuwa Dundori, kwa Shosho, mama yake Mama. Shosho ndiye aliyenilea tangu niachishwe ziwa. Tulikuwa sisi wawili, ng'ombe mmoja aliyeitwa Gathoni na shamba la viazi linaloshuka hadi mtoni. Sikujua kulala bila kuusikia mgongo wa Shosho ukinipa joto.

Ndipo likizo moja ya Agosti Mama akaja kunichukua, ingawa hazikuwa siku zake za kuja. Shosho alikuwa amekaa kitandani mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na mkono wake mmoja ulikuwa tumboni.

"Unaenda kutembea kisiwani na mama yako," aliniambia. "Uende ukaone twiga."

"Na wewe?"

"Mimi nina safari yangu."

Mama akasema haraka, "Ciku, chukua sweta," na maneno yakaishia hapo. Leo najua Shosho alikuwa anakwenda hospitali kutolewa uvimbe tumboni. Wakati huo hakuna aliyeniambia lolote. Wazazi wa siku zile waliamini mtoto asipoambiwa hajui. Kumbe mtoto asipoambiwa hujitafutia.

Siku za kwanza kisiwani zilikuwa tamu. Asubuhi, kabla ya wageni, nilikuwa naruhusiwa kuingia na Mama ndani ya jumba. Lilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa na mifupa na mawe meusi yanayong'aa kama chupa, ambayo watu wa kale waliyachonga kuwa visu. Cha pili kilikuwa na ndege waliokaushwa wakiwa wamesimama kwenye vijiti. Nilimwogopa mwari kwa sababu jicho lake moja lilikuwa limeanguka, wakabandika kifungo cha shati. Cha tatu kilikuwa chumba cha mzungu mwenyewe: kitanda chake, santuri yake, viatu vyake virefu, na ukuta mzima wa picha nyeusi na nyeupe. Picha hizo alizipiga yeye, akizunguka mashamba ya wenzake bonde zima.

Wageni walipofika nilitakiwa nitoke. Lakini watoto wa shule walipokuwa wengi nilijichanganya nao, nikasimama nyuma, kwa sababu nilipenda kumsikiliza Chebet. Chebet alikuwa dada wa kuongoza wageni, kijana, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayetangaza mpira. Maelezo yote aliyashika kichwani, na yalitoka kwa mpangilio uleule kila siku. Watoto wakianza kupiga kelele, alikuwa na dawa yake. Aliwapeleka kwenye ukuta wa picha, akashusha sauti, akasema:

"Angalieni nyuso hizi vizuri. Hawa wote mnaowaona hapa wameshakufa. Wote. Hakuna hata mmoja aliyebaki."

Watoto wakanyamaza kama wamemwagiwa maji.

Ilikuwa siku kama hiyo, nimebanwa kati ya wavulana wawili walionukia soseji, nilipojikuta mbele ya picha ambayo sikuwa nimeiona vizuri, kwa kuwa ilikuwa imetundikwa juu kuliko nyingine. Nilisoma kibandiko chake polepole. Nilikuwa darasa la pili na kusoma kulikuwa bado kazi. *Wachuma pareto, Dundori.* Nikafurahi kwanza. Dundori! Nikatazama juu nione kama nitaitambua njia yetu.

Wanawake saba walisimama katika shamba la pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu, peku, vikapu vimefungwa mbele ya matumbo yao. Sita walikuwa watu wazima. Wa mwisho, upande wa kulia, alikuwa msichana. Nyusi zake zilikutana katikati, katika meno yake ya mbele kulikuwa na mwanya, na aliweka mkono mmoja kiunoni huku ameinamisha kichwa kidogo, kana kwamba anamsikiliza mtu asiyemwamini.

Mtu mmoja tu duniani alisimama vile. Nyusi zile nilizigusa kila asubuhi. Mwanya ule ndio uliopuliza mluzi wa kumwita Gathoni.

"Hakuna hata mmoja aliyebaki," Chebet alikuwa bado anasema.

Sikulia. Ninaposimulia watu huuliza kama nililia, na hapana. Nilitoka nje nikakaa karibu na kobe, nikajaribu kupanga mambo. Katika mazishi niliyowahi kupelekwa, picha ya marehemu iliwekwa juu ya sanduku. Sasa nikaelewa picha zile hupelekwa wapi baadaye. Kuna nyumba kisiwani, na Mama yangu ndiye anayepangusa vumbi. Kwamba Shosho katika picha alikuwa msichana hakukunisumbua hata kidogo. Mhubiri wetu alisema tukifa tunafanywa upya.

Bado nilikuwa na tumaini dogo. Chebet alikosea mambo mengine, labda na hili alikosea. Lakini kesho yake, nikicheza chini ya dirisha la ofisi, nilimsikia Mama akizungumza kwenye simu ya mezani. Meneja alimruhusu aitumie mara mojamoja. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Amepumzika?" aliuliza. Akanyamaza akisikiliza. "Amepumzika kabisa? Ashukuriwe Mungu. Hakuteseka?" Akanyamaza tena. "Hapana, Ciku sijamwambia. Huyo ataanza tu kulia, na mimi niko kazini."

Ninyi mliokulia makanisani mnajua neno hilo lilinifanya nini. Kwetu hakuna aliyetangazwa kuwa amekufa. Mchungaji alisimama mbele akasema mama yetu fulani amepumzika, na wanawake wakaanza kilio. Sikujua kwamba mtu anaweza kupumzika halafu akaamka.

Mama alitoka ofisini akijifuta macho, akaniona, akatabasamu. Alinipa andazi. Nililishika mkononi, nikamwangalia mama yangu ambaye alikuwa anatabasamu siku ambayo mama yake amekufa, nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Niliamua nitamsaidia. Kama hataki nijue, basi sitajua.

Jambo moja tu lilinishinda, nalo ni kumwacha Shosho pale ukutani. Alisimama peku kwenye umande wa Dundori, nami nilijua jinsi alivyochukia baridi ya miguu. Watu walipita mbele yake wakila krisipi. Na zaidi ya yote hatukuwa tumelala pamoja tangu nije. Jumatatu makumbusho hufungwa ili yasafishwe. Mama alipokuwa chumba cha ndege, amepiga magoti, tambara linakwenda *shii, shii*, nilivuta kiti cha mzungu, kile chenye kamba ya kukataza watu wasikikalie, nikapanda, nikaiondoa picha kwenye msumari. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Niliifunga ndani ya sweta langu, nikatembea nayo hadi chumbani kwetu bila kukimbia, nikaiweka kwenye boksi la nguo zangu chini ya kitanda.

Kwa siku mbili nilikuwa na Shosho wangu. Mama akienda kazini nilimtoa, nikamsimamisha kwenye mto, nikamweleza habari za twiga. Nilimwekea kipande cha andazi. Nilimuuliza Gathoni anakamwa na nani sasa.

Jumatano wakavushwa watoto wa basi la shule. Nilikuwa kwenye bembea niliposikia Chebet amenyamaza katikati ya maelezo yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha miguu ikaanza kukimbia kwenye veranda.

Meneja wetu alikuwa mtu mkimya, mwenye masharubu na kalamu tatu mfukoni. Nilimwona akiita wafanyakazi wote mmoja mmoja. Mama alikuwa wa mwisho, na mlango wa ofisi haukufungwa.

"Mama Ciku," alisema, "funguo za jumba ni mbili. Moja ni hii yangu. Nyingine ni yako."

"Najua, bosi."

"Picha haina miguu."

"Sijaichukua. Nitafanyia nini picha ya watu nisiowajua?"

"Hilo ndilo najiuliza. Wako watu Nairobi wanaopenda vitu vya kale, na wanalipa." Alitulia, na alipoendelea sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hapendi anachosema. "Umefanya kazi vizuri hapa miaka mitano. Kwa hivyo siiti polisi sasa hivi. Lakini mashua ya mwisho ikiondoka jioni kama picha haijaonekana, uondoke nayo. Na kesho nitaandika ripoti."

Mama hakubishana. Alitembea kutoka pale akiwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili. Aliingia chumbani, nami nikamfuata, nikamkuta anakunja nguo. Alikuwa anazikunja vizuri sana, akinyoosha kila kola.

"Tunaenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani."

Basi nikajua wakati umefika, na kwamba sasa tunaweza kuacha kufichana.

"Kwa mazishi?"

Mikono yake ikasimama. "Mazishi ya nani?"

"Ya Shosho."

Aligeuka taratibu. "Ciku. Nani amekuambia Shosho amekufa?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Ulisema kwa simu. Ulisema amepumzika kabisa. Na Chebet pia alisema wote wamekufa, na Shosho yuko pale."

"Yuko pale wapi?"

Nilipiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda, nikavuta boksi. Nilipolifungua sweta kioo cha picha kilikuwa na mafuta ya andazi. Niliogopa kipigo, lakini zaidi niliogopa kwamba atamrudisha ukutani.

Mama aliketi sakafuni. Alishika ile picha mapajani mwake, akaitazama kwa muda mrefu, na nikaona rangi ya uso wake inabadilika. Yeye mwenyewe hakuwahi kuona picha ya mama yake akiwa msichana. Nani kwetu alikuwa na picha? Alipangusa kioo kila wiki, miaka mitano, kwa mkono ulionyooshwa juu, akiwa na haraka, na hakuwahi kutazama uso.

"Ngai," alisema. "Ni yeye kweli. Ni Mama."

Halafu akanikamata mabega. "Sikiliza. Shosho hajafa. Amepasuliwa tumbo, wakatoa kitu kibaya, wakamshona, na baada ya hapo akalala. Kupumzika ni kulala, Ciku. Ako hai. Alikuwa anauliza kama umekula."

Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka nikatapika lile andazi.

Tulienda ofisini tukiwa tumeshikana mikono, mimi nimebeba picha kwa sababu Mama alisema aliyeitoa ndiye anayeirudisha. Meneja alituangalia, akaliangalia sweta, akaniangalia mimi. Mama alianza kueleza, akakwama. Ikabidi nieleze mwenyewe. Nilimwambia Shosho hapendi baridi ya miguu. Nilimwambia sikujua kwamba mtu hupumzika halafu anaamka. Aliuliza swali moja tu.

"Ulipanda kile kiti chenye kamba?"

"Ndiyo."

"Na hakikuvunjika?"

"Hapana."

Alifungua droo, akaifunga bila kutoa kitu. Alimwita Chebet, naye Chebet aliposikia habari yote alijifunika uso kwa mikono. "Mimi ndiye nimeua shosho ya mtoto," alisema. Tangu siku hiyo hakutumia tena ile dawa yake ya kunyamazisha watoto. Meneja naye alimwomba Mama msamaha mbele yetu sote, kwa maneno machache na kwa shida, akisugua masharubu, na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona mtu mkubwa akiomba msamaha kwa mtu aliye chini yake. Alimpa Mama ruhusa ya Jumamosi twende Nakuru.

Hospitali haikuruhusu watoto wadogo wodini. Mama aliniacha uani, kwenye nyasi, akaniambia niangalie juu. Nilihesabu madirisha mara nyingi. Mwishowe moja lilifunguliwa na Shosho akatokea, mwembamba, amevaa gauni la hospitali, akatoa mkono nje.

"Ciku! Umekula?"

"Nimekula!"

"Basi mbona umekonda hivyo?"

Watu wote pale uani walicheka. Nami nilisimama nikijua kwamba nimepewa jambo ambalo hata sikuthubutu kuliomba.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na kwa miaka mingi nilipoisimulia nilikomea hapo, kwa sababu watu wanacheka vizuri. Lakini yenyewe haikuishia hapo. Likizo ya Desemba, Shosho alipopata nguvu, meneja alimtumia salamu kupitia Mama. Alisema kama yule msichana ni yeye kweli, aje awataje wenzake, maana hakuna anayejua jina hata moja.

Alikuja akiwa amevaa sare yake ya kanisa. Kwenye mashua alishika ubao kwa mikono miwili, akafumba macho mpaka ng'ambo. Alipowaona punda milia aliuliza wanafanya kazi gani, na alipoambiwa hawafanyi kazi yoyote, wanatazamwa tu, alitikisa kichwa. Kwenye jumba alivua viatu mlangoni. Mama alimwambia si lazima. Alisema sakafu ya mtoto wake haiwezi kukanyagwa na matope.

Mimi nilimwongoza. Nilijiona mwenye ukuta ule. Meneja alikuwa ameishusha picha, ameiegemeza juu ya meza karibu na dirisha ili aione vizuri, na Chebet alisimama na kalamu tayari.

Shosho aliinama. Alianza upande wa kushoto, kidole kikitembea juu ya kioo bila kukigusa. "Huyu ni Njoki, alikuwa jirani. Huyu ni mama yake Kamau, yule wa kilimani. Huyu simkumbuki. Huyu ni Wangari." Chebet anaandika. Kidole kikaendelea, kikafika kwa msichana wa mwisho, kikasimama.

"Na huyo ni wewe," nikamsaidia.

Alirudisha mkono kifuani.

"Huyo si mimi," alisema. "Huyo ni Wairimu."

Nilimwangalia Mama. Mama alikuwa amelisikia jina hilo labda mara mbili maishani. Wairimu alikuwa dada yake Shosho, mkubwa wake kwa miaka mitatu, aliyefariki akiwa bado msichana. Hakuacha mtoto, hakuacha kaburi linalojulikana, wala picha. Shosho alitueleza pale pale, amesimama, macho hayaondoki kwenye kioo, kana kwamba anamweleza Wairimu mwenyewe na sisi tunasikiliza tu.

Baba yao alikwenda mjini Nakuru siku moja, akarudi na kitambaa cha kichwani, chekundu chenye madoa meupe, akampa Shosho, mdogo, kwa sababu alikuwa ameugua. Shosho alikivaa Jumapili moja. Mbuzi akakila pembe moja kikiwa kimeanikwa. Halafu wiki iliyofuata kikapotea. Shosho alimwambia dada yake, ni wewe umekichukua. Wairimu akaapa kwa mama yao kwamba hajakigusa. Shosho akamwita mwizi, mbele ya watu, shambani. Hawakusemezana mwezi mzima. Walichuma pareto mistari tofauti. Kisha ikaja mvua ya baridi, Wairimu akashikwa na kifua, akapakiwa kwenye gari la ng'ombe kupelekwa hospitali, na Shosho alikataa kutoka nje kumuaga kwa sababu bado alikuwa amenuna. Gari lilirudi tupu.

"Nimemwomba msamaha kila siku," Shosho alisema. "Nikikamua, namwomba. Nikipika, namwomba. Nilimwita mwizi na hakuwa mwizi, akaenda na hilo jina."

Meneja alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza, na macho yangu yalikuwa karibu zaidi na picha kuliko ya mtu yeyote.

"Shosho," nikasema, "kitambaa chake kimeliwa."

"Nini?"

"Hapa. Kimeumwa."

Aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo. Kichwani mwa yule msichana kulikuwa na kitambaa chenye madoa, kimefungwa kisogoni, na pembe moja ilianguka begani. Ncha yake haikuwepo. Ilikuwa imekatika kwa mviringo, kama mkate ulioumwa na mtu mwenye njaa.

Shosho alinyooka. Aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani nimemwua kweli safari hii.

"Mimi nilikuwa nimepelekwa kwenye banda la kukaushia maua," alisema polepole, kama mtu anayehesabu. "Siku zote asubuhi mimi ndiye niliyekuwa natumwa kule. Kwa hivyo nikiondoka..." Aliweka mkono kwenye meza. "Nikiondoka tu, anakitoa! Nikirudi, anakificha!"

Na akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia akicheka namna ile, wala kabla wala baada. Ilianzia tumboni, pale aliposhonwa, akapashika kwa mkono akisema "uui, uui," na hakuweza kuacha. "Mwizi!" alimwambia yule msichana wa kwenye kioo. "Kumbe ni wewe! Mwizi wangu wewe! Ukaapa kwa Mama!" Chebet alivuta kiti cha mzungu, akaondoa kamba, Shosho akakikalia bila meneja kumkataza. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikageuka tena kicheko, na Mama akapiga magoti kwenye sakafu yake nyekundu, akamkumbatia miguu.

Alipotulia, Chebet alimuuliza kwa upole aandike nini kwenye kibandiko.

"Andika Wairimu," Shosho alisema, akijipangusa na mkono wa sare. "Hayo mengine ni yetu wawili."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alirudi kwenye viazi vyake na kwa Gathoni, na jina la Wairimu, ambalo halikuwa limetajwa nyumbani kwetu, likaanza kutajwa bila shida, wakati mwingine hata kwa lawama, kama tunavyowataja watu walio hai. Mimi nimekuwa mtu mzima, nami ninao watu niliowaacha nikiwa nimenuna. Huwa nafikiri kwamba kusamehewa kulimfaa, lakini kilichomrudishia dada yake si msamaha. Ni kujua kwamba Wairimu alikuwa msichana kama wengine, mwenye tamaa ya kitu kizuri, anayeweza kudanganya akiangalia mtu machoni.

Jioni ile ya Desemba tulivuka kurudi, mimi katikati ya Shosho na Mama. Safari hii hakufumba macho. Aliyatazama maji, mabega yakimtikisika mara kwa mara kwa kicheko kilichobaki. Tulipokaribia nchi kavu aliniegemea sikioni.

"Unajua nini, Ciku?" alisema. "Kilimpendeza kuliko mimi."